Fulana ya baridi kwa mwenye kiwiliwili kirefu: saizi kubwa siyo dawa

Mpwa wangu alikuja kibandani kwangu jioni moja na mfuko wa fulana nne za mikono mirefu alizozichagua kwenye mtumba hapa Mtwara mjini. Amepata nafasi ya kusoma Harbin, kaskazini mwa China, ambako wastani wa Januari ni karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Sisi huku, upepo wa kusi ukivuma usiku wa Julai, nyuzi 20 tu zinatosha kututafutisha shuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Fulana za baridi, za kuvaa ndani. Zote XL mjomba, lakini zinanipanda."

Nikamwambia avae moja, kisha ainame kama anayefunga kamba za viatu. Akainama. Pindo la fulana likapanda, kiuno cha suruali kikashuka, na katikati pakabaki wazi upana wa kiganja changu, mgongo mtupu, pale pale usawa wa figo. Wakati huohuo mabega ya fulana yalikuwa yamemwagika kuelekea kwenye mikono, na kifuani kitambaa kilijikunja makunyanzi. Nguo moja, lakini ni kubwa na ni fupi kwa pamoja.

Kwetu Kusini, ambako ukoo wa Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata upande wa mama, mtoto wa dada akikuletea jambo humwambii aende kwa baba yake. Nikaziweka pembeni sare za shule nilizokuwa nashona. Na kadiri nilivyoendelea kulishughulikia jambo lake ndivyo nilivyoona kwamba si lake peke yake. Watu wa huku wanahamishiwa kazi Njombe na Makete, wengine wanakwenda kupanda Kilimanjaro, wengine wanapata masomo nchi za baridi. Mwenye kiwiliwili kirefu kati yao huambiwa neno lilelile na kila muuzaji: chukua saizi ya juu yake. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, lakini unampeleka mtu kwenye baridi akiwa na pengo mgongoni.

Tuanze na kazi ya nguo yenyewe. Fulana haina joto lake. Joto ni la mwili wako, na nguo inachofanya ni kuizuia hewa isitembee, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Maji hulipitisha mara 25 hivi kuliko hewa, ndiyo maana fulana iliyolowa jasho hukutesa sana kwenye baridi. Kwa hiyo fulana ya ndani ina kazi mbili: kulitoa jasho kwenye ngozi na kushika hewa kidogo karibu na ngozi. Kazi zote mbili zinataka nguo iuguse mwili. Ikipwaya, hewa iliyopata joto hupanda na kutokea shingoni, na ya baridi huingia kwa chini kushika nafasi yake. Kila ukiinama na kuinuka, nguo inapumua kama mivukuto ya mhunzi, na lile pengo la kiunoni ndilo mdomo wa mivukuto.

Hapo tayari unaona ubaya wa XL ya mpwa wangu. Aliongeza upana ili apate urefu, na upana ndio uliomharibia.

Sasa kiwiliwili kirefu ni nini hasa? Si urefu wa mtu. Mpwa wangu ana sentimita 183, mimi nina 185. Tukisimama nampita. Tukiketi kwenye benchi, yeye ananipita kwa vidole vitatu. Urefu wake uko kati ya shingo na nyonga, wangu uko miguuni. Mtu wa sentimita 165 naye anaweza kuwa na kiwiliwili kirefu, na huyo ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu hakuna anayemwona kuwa ni mrefu, na hata yeye mwenyewe hudhani fulana zote zimerudi kwa kufuliwa.

Kipimo chake ni rahisi, ila usijipime mwenyewe, mwite mtu. Inamisha kichwa, kuna mfupa unaochomoza nyuma, chini ya shingo. Futikamba ianzie hapo, ifuate mgongo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Watengenezaji wa mabegi ya kupandia milima hutumia kipimo hikihiki kupanga saizi za mabegi yao, kwa hiyo ukiwa nacho utakitumia mara mbili. Halafu pima tena: kutoka juu ya bega, pale linapokutana na shingo, shuka na mgongo hadi mahali unapotaka fulana iishie. Mpwa wangu kipimo hiki cha pili kilikuwa sentimita 84, na kifua chake ni 98. Andika namba hizo mbili kwenye simu yako. Nitazitumia sasa hivi.

Chukua fulana za kawaida za Kimarekani, zile zinazojaa kwenye belo. Kwa kipimo chao, kila saizi ikipanda, mzunguko wa kifua unaongezeka inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, lakini urefu unaongezeka inchi moja tu, sentimita mbili na nusu. M ina mzunguko wa karibu 102 na urefu wa 74. L ni 112 kwa 76. XL ni 122 kwa 79. Ukitaka kufika 84 za mpwa wangu kwa kupanda saizi, unaishia kwenye XXXL, yenye mzunguko wa sentimita 142. Kijana wa kifua cha 98 ndani ya nguo ya 142! Nguo za ndani za baridi hukatwa kwa kubana zaidi ya hizo, lakini mwendo wa saizi ni uleule: upana unakimbia, urefu unatambaa. Herufi iliyoandikwa kwenye lebo ni habari ya kifua. Kiwiliwili hakijatajwa popote.

Kuna jambo la pili, na hili nililielewa vizuri zaidi kwa wavuvi kuliko kwenye cherehani. Ukivuka kwa kivuko kwenda Msanga Mkuu utawakuta wamekaa mchangani wanaziba nyavu. Shika wavu uliokunjuliwa, uvute kwa upana: matundu yanafunguka, na papo hapo kimo cha wavu kinapungua. Uachie, urefu unarudi. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana, na vitanzi hufanya kazi kama matundu ya wavu. Mwili ukikitanua kwa upana, kinakopa kutoka kwenye urefu. Ndiyo maana fulana ndogo inayokubana sana hupanda, hata kama ukiiweka mezani na kuipima inaonekana inatosha. Ile kubwa nayo ni fupi kwa mkato wake. Mwenye kiwiliwili kirefu anabanwa huku na huku, na saizi inayomfaa ni ile ya kifua chake kamili, inayogusa bila kutanuka sana. Urefu autafute kwa njia nyingine.

Nyavu zenyewe, kwa taarifa yako, zimewahi kuwa nguo ya baridi. Mwaka 1933 ofisa wa jeshi la Norway, Henrik Brun, alitengeneza fulana ya ndani kutokana na nyavu za kuvulia samaki. Hewa inatulia kwenye matundu, na jasho linapita. Fulana za namna hiyo bado zinauzwa, na kwa kiwiliwili kirefu zina faida kwa sababu hunyumbuka kwa urefu kuliko kitambaa kilichoziba. Inanifurahisha kwamba mtu wa nchi ya barafu alikwenda kutafuta dawa ya baridi palepale ambapo mvuvi wa Msanga Mkuu anatafuta chakula chake.

Turudi kwenye pindo. Kwa nini sentimita tano tu zilete tofauti kubwa? Mwili wa mtu ni mpana makalioni, mwembamba kiunoni. Pindo linaloishia katikati ya makalio, penye upana mkubwa kuliko wote, halina pa kushika: likivutwa kidogo tu linateleza kuelekea kwenye wembamba, yaani juu. Likivuka upana ule na kukaa chini yake, makalio yenyewe yanalizuia. Kwa hiyo usitafute fulana inayofika kiunoni na ziada kidogo. Tafuta inayovuka. Ukiwa dukani, chuchumaa, nyoosha mikono yote miwili juu, kisha uketi na kugeuka upande mmoja kama unayefikia kitu nyuma ya kiti. Kama baada ya hayo pindo bado liko chini ya makalio, hiyo ni yako.

Na watu wanasahau kabisa suruali. Pengo lina kingo mbili. Kama huwezi kuishusha fulana, ipandishe suruali. Suruali ya ndani ya baridi yenye kiuno cha juu, inayofunika kitovu, hukupa sentimita nane au kumi bila kuigusa fulana. Hapa ndipo kipimo cha tatu kinaingia: futikamba itoke kiunoni mbele, ipite katikati ya miguu, ipande hadi kiunoni nyuma. Mwenye kiwiliwili kirefu namba hiyo kwake ni kubwa, na suruali ya kawaida ikimfikia nyongani inaishia hapo. Ukivaa vyote viwili, hakikisha fulana na suruali zinapishana kwa angalau kiganja kimoja. Skintaiti za kike zenye kiuno kipana cha juu zinatatua jambo hili vizuri sana, na sioni kwa nini mwanamume aone haya kwa nguo ambayo iko chini ya nguo nyingine mbili. Zile za kipande kimoja, fulana na suruali zikiwa zimeungana, huonekana kama jibu kwa sababu hazina pengo. Kwa mwenye kiwiliwili kirefu ndizo mbaya kuliko zote: zikikosa urefu hazina pa kuachia, zinavuta mabegani na katikati ya miguu kutwa nzima.

Kuhusu lebo. Watengenezaji wachache, kama L.L.Bean na Lands' End wa Marekani, hushona pia saizi za warefu, na hizo hutambulika kwa neno Tall au herufi T baada ya saizi: MT, LT, XLT. Mzunguko wa kifua unabaki uleule, urefu wa mwili na mikono unaongezwa, mara nyingi sentimita tano au zaidi. Hiyo ndiyo lebo ya kusaka kwenye rundo. Lakini angalia: 2T, 3T na 4T, namba ikitangulia herufi, ni saizi za watoto wadogo wanaoanza kutembea. Nguo za Kijapani kama Heattech za Uniqlo, ambazo nazo huonekana mtumbani, ni nyembamba na nzuri, lakini zile zilizokatwa kwa soko la Japani L yake iko karibu na M ya Marekani.

Mpwa wangu nilimwambia asinunue kila kitu huku. China wana mfumo wa lebo ambao kwa mtu kama yeye ni bora kuliko herufi. Wanaandika, kwa mfano, 180/96A: namba ya kwanza ni kimo cha mtu kwa sentimita, ya pili ni mzunguko wa kifua, na herufi Y, A, B au C inaeleza tofauti kati ya kifua na kiuno. Kimo hupanda kwa hatua za sentimita tano. Kwa hiyo mtu anaweza kushikilia kifua chake palepale na kupandisha kimo, jambo ambalo S, M na L hazimruhusu. Bado ni kimo cha mwili mzima, si cha kiwiliwili, na ndiyo maana yeye wa 183 atafute 190 na si 185. Kule fulana ya ndani ya baridi huitwa qiuyi, suruali yake qiuku. Majina hayo mawili nilimwandikia kwenye karatasi.

Kitambaa nitakipitia haraka, maana kimeelezwa sana na wengi. Pamba hunywa jasho na kulishika, basi kwa baridi kali iache. Poliesta hainywi karibu chochote, hukauka upesi, ila hunuka upesi vilevile. Sufu, hasa ya kondoo wa merino ambayo nyuzi zake ni laini, inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ngozi isihisi umajimaji. Lebo ikiwa imekatwa, muombe muuzaji uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni poliesta au jamaa zake. Ukiwaka kama karatasi, ni pamba. Fulana mbili kati ya nne za mpwa wangu ziliwaka kama karatasi.

Sufu ya mtumba ina mtego wake: kama mwenyewe wa kwanza aliifua kwa maji ya moto, nyuzi zimeshikamana na nguo imerudi. Utaijua kwa mkono. Ni nene, ngumu kidogo, na ukiivuta haivutiki. Iache. Na mtu asikudanganye kwamba ukiianika imelowa na kuining'iniza kitu kizito itarefuka. Itarefuka, itakuwa nyembamba, na ukiifua itarudi.

Kilichobaki ni cherehani, na hapa ndipo sisi wa huku tuna nafasi ambayo mtu wa nchi za baridi mara nyingi hana. Kwake, fulana fupi inarudishwa dukani. Kwangu, fulana mbili fupi ni fulana moja ndefu.

Nilichukua zile mbili za poliesta, M zote, maana kumbe ndani ya mfuko huo muuzaji alikosea akampa M mbili akidhani ni XL. Kosa hilo ndilo lililotuokoa. Ya kwanza ilimkaa kifuani vizuri. Ya pili niliikata kuanzia chini, nikatoa mkanda wa mviringo wa sentimita 14. Kabla ya kuunganisha nilihakikisha vitanzi vinaelekea upande mmoja, ili sehemu zote mbili zivutike sawa. Ukikosea hapo, kiungo kitabana kama lastiki ya soksi. Mshono wa kawaida wa moja kwa moja haufai: mtu akiuvaa mara ya kwanza tu unakatika, kwa sababu kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Tumia ovaloki, au kama huna, zigizaga fupi, na sindano ya kitambaa cha fulana ambayo ncha yake ni ya mviringo, inayopita kati ya nyuzi bila kuzikata.

Kabla sijapitisha mkasi nilimuuliza swali ambalo fundi wengi hatuulizi: urefu wako uko wapi? Kuna mtu ambaye urefu wake uko kati ya kwapa na kiuno. Huyo ukimwongezea pindo, pengo litaziba, lakini kila akiinua mkono kwapa litavuta nguo nzima. Yeye fulana yake ikatwe kiunoni, mkanda uingie katikati, halafu sehemu ya chini iunganishwe tena. Mpwa wangu aliinua mikono, kwapa halikumbana. Urefu wake uko chini ya kiuno, basi pindo lilitosha. Kiungo nilikishusha kiwe chini ya mifupa ya nyonga, kisikae mahali mkanda wa begi utakapogandamiza.

Dada yangu, mama yake, alikuwa ameketi mlangoni akitazama muda wote huo. Ndiye aliyesema, "Si umfunge mkaja tu?"

Alikuwa sahihi. Mkaja ambao mwanamke wa pwani hufungwa tumboni akishajifungua, kitambaa kinachozungushwa na kukazwa kuanzia chini ya kifua hadi nyonga, ndio uleule ambao Wajapani wanao kwa ajili ya baridi. Wao wanauita haramaki, mkanda mpana wa kufuma unaovaliwa tumboni, na wanaume kwa wanawake huuvaa. Hauna mikono, hauna saizi ya bega, hauna habari na urefu wa mtu. Unakaa palepale pengo linapotokea, juu ya fulana na juu ya kiuno cha suruali, unavifunga pamoja. Kwa mwenye kiwiliwili kirefu asiye na fundi wala lebo ya T, hili ndilo jibu la bei ndogo kuliko yote, na ningependa lijulikane zaidi kuliko yote niliyoyasema.

Nikamtengenezea miwili kutoka kwenye sweta la sufu lenye mikono iliyotobolewa na nondo. Kiwiliwili cha sweta kilikuwa kizima. Nikakata bomba la sentimita 30, nikalipunguza ubavuni likae kwenye kiuno chake bila kumkaba, nikapiga ovaloki juu na chini. Nusu saa haikufika. Dada akauchukua ule wa kwanza, akaugeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono kutafuta uzi unaochoma, akaukuta mmoja, akaukata kwa meno.

Kijana akavaa vyote: fulana yenye pindo jipya, skintaiti ya kiuno cha juu, mkaja juu yake. Jasho lilimtoka hapohapo, maana bati lilikuwa bado halijapoa. Nikamwambia ainame afunge kamba za viatu. Akainama, akafunga cha kulia, akahamia cha kushoto, na mama yake akasimama nyuma yake akishika pindo la fulana kwa vidole viwili, akisubiri lipande.

"Limebaki hapo," akasema. "Mshonee na ya pili."